Jinsi ya kunolewa makali na tarakilishi katika sataranji

MCHEZAJI wa sataranji aliyekosa mwenzake wa kucheza naye hana tena sababu ya kukunja ubao wake. Programu ya Stockfish, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2008, haiuzwi, na hutumika hata katika simu ya mkononi. Nguvu zake zinamzidi binadamu yeyote. Suala ni jinsi mchezaji wa kawaida atakavyofaidika na mpinzani wa aina hiyo badala ya kuvunjwa moyo naye.

Ubabe wa mashine haukuanza jana. Mnamo Mei 1997, jijini New York, tarakilishi ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, kwa alama 3.5 kwa 2.5. Mashine hiyo iliweza kuchunguza takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Mwishoni mwa mwaka wa 2006, mjini Bonn, Ujerumani, bingwa Vladimir Kramnik alilazwa 4-2 na Deep Fritz. Katika mchezo wa pili hakuona kwamba mfalme wake angenaswa kwa hatua moja tu. Ikiwa bingwa wa dunia aliteleza kiasi hicho, anayejifunza asione haya kupoteza malkia.

Programu nyingi humruhusu mtumiaji kupunguza nguvu zake. Chagua kiwango ambacho utashindwa mara nyingi kuliko utakavyoshinda, lakini ushinde mara mojamoja. Hata hivyo, jihadhari. Programu iliyodhoofishwa haikosei kama mtu. Hucheza hatua kumi za kigwiji, kisha ghafla ikamtoa farasi bure bilashi. Anayezoea kuvizia zawadi za namna hiyo hujifunza kungoja, wala hajifunzi kucheza.

Aidha, usirudishe hatua. Kitufe cha kufuta kosa kimewaharibu wengi, akiwemo mwandishi wa makala haya, ambaye kwa muda mrefu alijidanganya kwamba anaishinda mashine.

Mchezo ukiisha, usikimbilie kuiuliza programu ulipokosea. Upitie mwenyewe kwanza, uandike ulichokuwa ukifikiria na mahali unapodhani mambo yalikwenda mrama. Ndipo uiwashe. Itakuonyesha tarakimu: moja kamili ni takriban sawa na faida ya askari mmoja, ile kete ndogo kuliko zote. Tafuta mahali tarakimu hiyo ilipobadilika kwa kishindo. Tarakimu yenyewe haifundishi kitu. Mafunzo yamo katika sababu. Njia bora ya kuipata ni kucheza ile hatua uliyoipenda, kisha uiache mashine ikuadhibu mbele ya macho yako.

Kuhusu hatua za ufunguzi, usipoteze muda mwingi kukariri. Lakini katika hatua za mwisho, kete zinapobaki chache, hakuna mwalimu aliye bora kuliko programu yenye nguvu zake zote.

Chukua mfano huu. Mfalme mweupe yuko mraba wa e5, askari wake yuko e4, na mfalme mweusi yuko e7. Hakuna kete nyingine. Ikiwa ni zamu ya mweusi, hana budi kusogea kando, na mweupe atapenya, amsindikize askari wake hadi awe malkia. Ikiwa ni zamu ya mweupe, mweusi akicheza sawasawa ni sare. Tofauti ni zamu tu! Panga kete hivyo, ushike weupe, umwachie mweusi aanze, na ujaribu kushinda. Mwenzako wa kijiweni huenda akakosea na kukufanya udhani kwamba umeelewa. Mashine haitakosea, ukilegea mara moja, itajipatia sare yake. Rudia hadi ushinde mara tano mfululizo. Kisha hamia mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu.

Kuna yasiyofundishwa na mashine. Haina woga, haichoki, wala haikutazami usoni saa inapokaribia kuisha. Kwa hivyo klabu bado inahitajika. Vilevile, katika mashindano yanayofuata sheria za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji (FIDE), mchezaji anayegusa kete yake kwa makusudi sharti aichezeshe, ikiwa kuna hatua halali ya kuichezesha. Vidole vilivyozoea kuburuta kete kwenye skrini na kuzirudisha huteseka sana hapo. Anayejiandaa kwa mashindano aweke ubao wa kawaida kando ya tarakilishi, aicheze kila hatua ubaoni kwanza, na ndipo aiingize kwenye mashine.