Mizani ya Pamba Usukumani

Tumezoea kuisoma historia ya uhuru wa Tanganyika kwenye majukwaa ya chama cha TANU. Kwa Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, njia hiyo inapotosha. Tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliizuia TANU kuendesha matawi yake huko, na bado siasa zilipamba moto. Chanzo chake kilikuwa mizani. Mkulima alifikisha pamba yake kwa mnunuzi, kwa kawaida mfanyabiashara wa Kihindi, akasomewa uzito asioweza kuuhakiki. Kila ratili iliyopunjwa ilikuwa jasho lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Juu ya msingi huo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions.

Wapo watakaosema ushirika ulikuwa zawadi ya Mwingereza, kwani sheria yake ilikuwapo tangu 1932, na kwamba bei nzuri ya pamba baada ya Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoubeba. Lakini sheria hiyo ilikaa miaka ishirini bila kuzaa chama kikubwa Usukumani, na bei nzuri humtia mtu fedha mfukoni, haimfundishi kuchagua katibu, kukagua daftari lake na kumwondoa akiiba. Wengine watataja amri za kikoloni za kulima matuta na kupunguza mifugo kuwa ndizo zilizowachukiza watu. Ni kweli, ziliwachukiza. Ila chuki peke yake hutawanyika. Mwaka 1958, watu wa Geita walipolipinga baraza la wajumbe wa rangi mbalimbali na kwenda Mwanza kudai haki yao, walikuwa tayari wamezoea kukutana, kuchanga na kutuma wajumbe.

Ushirika, basi, ndio uliokuwa shule ya siasa ya Usukuma. Shule hiyo nayo ilikuwa na kasoro: baada ya uhuru malalamiko ya wakulima yaliwageukia viongozi wa vyama vyao, na mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchunguza ushirika nchini. Dawa iliyotolewa baadaye ilimuua mgonjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na pamba ikaenda kwa mamlaka ya serikali, ambayo mkulima hakuichagua wala hakuweza kuiondoa.