Kazi na Pumziko katika Karagwe na Kyerwa

Historia ya nchi huandikwa mara nyingi kwa majina ya wafalme na tarehe za vita. Historia ya mwili wa mfanyakazi huandikwa kwa nadra, ingawa ndiyo iliyozibeba nyingine zote. Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, historia hiyo yaweza kufuatwa tangu zama za jembe na nyundo hadi zama za sululu.

Mnamo Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe wa ukoo wa Ruhinda. Nchi ilikuwa na wakulima, wachungaji na wahunzi hodari. Katika hazina ya kifalme mlikuwamo vifuawe na sanamu za ng'ombe za chuma. Speke alisimulia jinsi ngoma zilivyopigwa kwa mfalme kila mwezi mpya ulipoandama. Alielezwa kwamba shabaha yake ilikuwa kupima utii wa raia. Walakini siku ya ngoma ni siku ambayo jembe limelazwa. Grant naye alijifunza pumziko kwa shuruti: mguu wake uliota kidonda kibaya, na mwenzake alipoendelea na safari ya Buganda mwezi Januari 1862, yeye alisalia Karagwe kwa miezi kadha. Nia ilitaka kwenda, mwili ukakataa.

Wanyambo, wenyeji wa nchi hii, walikuwa na desturi zao za kuutua mzigo wa siku. Ndizi mbivu zilikanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, zikatiwa unga wa mtama uliokaangwa, zikafunikwa hadi zichachuke ziwe rubisi. Kinywaji hicho hakikunyweka peke yake, kilidai majirani. Walipokusanyika, mpigaji wa enanga, chombo cha nyuzi cha kulazwa, alighani habari za mashujaa, na wachovu wakasikiliza. Kazi ilikuwa nzito, ila ilikuwa na mwisho uliojulikana na watu wote.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia machimbo ya bati yalifunguliwa Kyerwa, na kazi ya namna nyingine ikaingia. Mkulima alikuwa ametazama jua na mvua. Mchimbaji alifuata zamu, mshahara na bei iliyopangwa mbali asikokujua. Mwaka 1942 Japani ilipoiteka Malaya, machimbo ya Afrika yalihimizwa yatoe bati zaidi. Mwezi Oktoba 1985 mpango wa mataifa wa kuishikilia bei ulivunjika, na bei ikaanguka. Hivyo hofu ya riziki ikaongezwa juu ya uzito wa sululu na vumbi la mawe, ambalo likivutwa miaka mingi huyafanya mapafu kuwa magumu.

Hofu hiyo si jambo la moyo tu. Mwaka 1936 Hans Selye alionyesha kwamba mwili unaosumbuliwa kwa namna mbalimbali hujibu kwa njia moja. Damu hupata msukumo, sukari huongezeka, usingizi hupaa. Hali hiyo isipokoma, moyo na mishipa huchakaa. Kamba hukatikia pabovu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma.

Sheria ya Ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, na siku sita za kazi. Ni sheria njema, lakini yamlinda mwajiriwa. Mchimbaji mdogo hana mwajiri wa kumwambia basi. Bei ndiyo msimamizi wake. Mwanamke arudiye kutoka shambani, akashuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kilimani, ana zamu ya pili isiyoandikwa popote. Hata barazani pa rubisi wanaume waliketi kwa kuwa mtu mwingine alikuwa jikoni.

Kwa hiyo zama za kale hazifai kusifiwa kupita kiasi, wala rubisi haifai kufanywa dawa: unywaji wa kupindukia hupandisha msukumo wa damu uleule ambao mchovu alitaka kuutuliza. Kilichofaa katika baraza ile kilikuwa mazungumzo, muziki, na saa ya kulala iliyoheshimiwa. Hayo hayana gharama kubwa, lakini hayapatikani mpaka mzigo ugawanywe. Nyumba ambayo mmoja hupumzika na mwingine hapumziki bado haijapumzika.