Homa ya tezi: historia ya ugonjwa uliopewa jina baya, na biharusi anayerudi kwa watu



Katika shughuli moja ya kutia hina tulikaa nyuma ya mabibi wawili. Biharusi mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kitandani. Shingo ilimvimba, koo lilimuuma hata mate hayamezeki, homa haikumwacha kwa wiki mbili, na hata siku ile aliomba mto wa kuegemea. Daktari alikuwa amemwambia ni homa ya tezi. Bibi mmoja akamnong'oneza mwenziwe: "Si ndio ule ugonjwa wa mabusu huo? Kautoa wapi, na ndoa haijafungwa?" Neno lile lilimfikia biharusi kabla ya hina kukauka.

Tumeona tuipitie historia ya ugonjwa huu, maana heshima ya binti wa watu haifai kuning'inizwa kwenye jina la utani.

Jina lilikotoka

Mwaka 1889 daktari wa watoto wa Kijerumani, Emil Pfeiffer, aliandika juu ya homa inayokuja pamoja na kuvimba tezi za shingo. Akaiita, kwa lugha yake, homa ya tezi. Mwaka 1920 madaktari Sprunt na Evans wa Baltimore, Marekani, wakaeleza habari za vijana sita waliougua homa ya namna hiyo, na ndani ya damu yao wakakuta chembe nyeupe nyingi za aina moja. Hapo ndipo likaja jina la kitabibu, mononukleosi. Katika majina yote mawili, busu halimo.

Jina la mabusu lilipata nguvu mwaka 1955. Daktari Robert Hoagland alikuwa akiwatibu wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani. Aliona kwamba ugonjwa huchukua zaidi ya mwezi mmoja tangu kuambukizwa hadi kuonekana, akahesabu siku kurudi nyuma hadi likizo za vijana wale, akaandika kwamba huenda kwa busu. Sasa zingatieni jambo hili: wakati ule wanafunzi wa West Point walikuwa wanaume watupu. Wanawake walianza kupokelewa mwaka 1976. Jina lililotokana na wanajeshi vijana wa kiume waliotoka likizo, leo linamwangukia msichana aliyejitia hina kwao.

Kutoka Kampala hadi London

Hoagland hakujua kijidudu chenyewe ni kipi. Jibu lilianzia hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alianza kuwaona watoto wenye uvimbe wa saratani kwenye taya. Mwaka 1961 alikwenda London kuzungumzia saratani hiyo, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London.

Epstein alifanya kazi na Bert Achong na mwanamke mmoja kijana wa Ireland, Yvonne Barr. Barr ndiye aliyekuwa akisaidia kuzikuza na kuzitunza chembe zile maabara mpaka zikaishi. Mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, wakaviona virusi ambavyo havijawahi kuonekana. Vinaitwa virusi vya Epstein-Barr hadi leo. Bibi huyu baadaye alihamia Australia akawa mwalimu wa skuli, na jina lake limebaki katika vitabu vya tiba duniani kote.

Bado hakuna aliyejua kwamba virusi hivyo ndivyo vinavyoleta homa ya tezi. Huko Philadelphia, Gertrude Henle na mumewe Werner walikuwa wakipima damu za watu kutafuta kingamwili za virusi hivyo. Msichana aliyefanya kazi maabara mwao hakuwa nazo. Mwaka 1967 akaugua homa ya tezi, na aliporudi kazini wakampima tena: safari hii anazo. Wakapima pia damu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale zilizokuwa zimehifadhiwa kabla na baada ya kuugua, na jibu likawa lile lile. Mwaka 1968 wakalitangaza.

Kumbe wengi wetu tunavyo

Kuanzia hapo ikajulikana kwamba zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi duniani wanavyo virusi hivi. Vinakaa mwilini maisha yote, na mara kwa mara hutoka kwenye mate ya mtu mzima wa afya asiyehisi lolote. Busu ni njia moja. Gilasi ya maji iliyozungushwa ni njia nyingine, na kijiko alichoonjea mama uji kabla ya kumlisha mtoto ni njia pia.

Kwetu watoto wengi huvipata wakiwa wadogo, kwa bibi, kwa shangazi, kwa ndugu zao, na mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote. Anayekosa kuvipata utotoni akavipata ujanani ndiye anayelala kitandani. Kwa hiyo anayemuuliza biharusi "umeutoa wapi?" huenda mwenyewe anavyo tangu ananyonya. Hakuna daktari awezaye kumtazama binti akasema aliupata kwa nani. Mwenyezi Mungu ametukataza kudhaniana vibaya na kusengenyana, na Surat al-Hujurat tunaisoma sote. Tuifuate hata ukumbini.

Kurudi kwa watu

Zamani madaktari waliwalaza wagonjwa wa homa ya tezi kitandani kwa wiki nyingi. Mwaka 1964 daktari Dalrymple wa Marekani aliwalinganisha wanafunzi waliolazimishwa kulala na walioruhusiwa kuinuka kadiri walivyojihisi. Walioinuka walipona mapema zaidi. Basi kumfungia mgonjwa ndani hakumsaidii, na kumkokota kwenye kila shughuli kunamchosha. Uchovu unaweza kubaki wiki kadhaa, pengine miezi, hata baada ya homa kuondoka.

Kwa biharusi tunashauri hivi. Achague shughuli moja kwa siku, nyingine aombewe udhuru. Singo afanyiwe akiwa amelala, mkesha apunguziwe. Bandama huweza kuvimba katika ugonjwa huu, kwa hiyo kwa wiki tatu, nne za mwanzo, au zaidi daktari akisema, asibebe vizito wala asicheze ngoma ya kurukaruka. Akihisi maumivu makali ya ghafla upande wa kushoto wa tumbo, aende hospitali mara moja. Asinunue mwenyewe ampisilini au amoksilini za koo, kwani kwa mgonjwa wa homa ya tezi dawa hizi mara nyingi huleta vipele mwili mzima, na nani anataka vipele siku ya harusi?

Apewe gilasi yake na kijiko chake, lakini asitengwe. Wengi walioko pale wameshavipata virusi hivyo zamani. Bwana harusi naye aelezwe ukweli mapema, na amwelezaye awe mtu mzima wa familia, asiachiwe kuusikia mitaani. Na Ramadhani ikimkuta angali dhaifu, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake akipata nguvu. Asione haya kuitumia.

Biharusi wetu yule siku ya harusi alikaa ukumbini nusu saa tu. Somo wake alisimama karibu naye, na kila aliyekuja kumvuta akacheze alijibiwa: "Mwanangu alikuwa mgonjwa, muombeeni dua." Wageni wakamuombea, naye akaenda kupumzika.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote na azihifadhi heshima za mabinti zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.