KUTOKA KARAI LA MAFIGA HADI MASHINE YA CHIPSI

Ndugu wanachama, katika kutimiza miaka 10 si vibaya tukakumbuka historia ya kikaango, maana mitaji ya akina mama wengi imepitia humo.

Mafuta ya asili ya Kigoma ni mawese. Mchikichi ulitoka Afrika Magharibi, ukazoea kandokando ya ziwa, na sisi wa milimani tukayapata sokoni. Enzi za karai na mafiga matatu, mafuta yakifuka moshi mama alivuta kuni tu, basi. Kipimo kilikuwa jicho.

Oktoba 2022 Rais Samia alizima majenereta Kigoma, umeme wa Gridi ya Taifa ukaingia. Kwenye mashine ya umeme hakuna kuni ya kuvuta. Kazi hiyo ni ya themostati: chipsi hutaka nyuzi 170 hadi 180, zikifika inakata umeme.

Sasa ikifuka moshi, jamani, zima swichi ya ukutani kwanza. Ikipoa, angalia: mafuta yako chini ya alama? Kijiti cha kupima joto kimegandwa na masizi? Hicho huchelewa kusikia joto. Kama inaendelea kuchemsha hata ukirudisha kitasa, swichi ya ndani imenasa. Mwite fundi, usiunge nyaya moja kwa moja. Moto ukiwaka, funika na mfuniko. Maji kamwe! Yatageuka mvuke na kurusha mafuta yanayowaka.

Mashine ya mkopo ikiungua, marejesho hayaungui. Bibi zetu hawakuliacha karai peke yake jikoni. Nasi tusiiache mashine.