Mkengeuko wa risasi kwa upepo

Mkengeuko wa risasi kwa upepo ni umbali ambao risasi husogezwa kushoto au kulia na upepo unaokatiza njia yake kabla ya kufika kwenye shabaha. Katika mashindano ya bunduki ya masafa marefu, kama yale yanayofanyika Bisley nchini Uingereza tangu mwaka 1890, kukadiria upepo ni kati ya kazi ngumu zaidi za mlenga shabaha. Kushuka kwa risasi kutokana na uvutano wa dunia huweza kukokotolewa mapema, lakini upepo hubadilika kati ya risasi moja na nyingine.

Sababu

Risasi inayozunguka vizuri hugeuza ncha yake kidogo kuelekea unakotoka upepo, na ukinzani wa hewa huivuta upande wa pili. Kwa hiyo kinachohesabiwa si muda wote wa safari, bali muda ambao risasi imecheleweshwa na hewa. Kanuni yake inahusishwa na Mfaransa Isidore Didion wa karne ya 19:

mkengeuko = kasi ya upepo wa ubavuni × (muda wa safari − umbali ÷ kasi ya risasi mtutuni)

Kwa mfano, risasi iliyotoka kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde ikifika umbali wa mita 900 baada ya sekunde 1.5, imechelewa sekunde 0.5. Upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde utaisogeza mita 2. Duara la katikati la shabaha ya yadi 1000 (mita 914) lina kipenyo cha takriban sentimita 60. Hivyo kukosea upepo kwa mita 1 tu kwa sekunde kunatosha kuitoa risasi nje ya duara hilo.

Pembe ya upepo

Upepo unaovuma kwa nyuzi 90 kutoka mstari wa kulenga huhesabiwa wote, wa nyuzi 45 huhesabiwa karibu saba ya kumi, na wa nyuzi 30 nusu.

Kukadiria

Walengaji hutazama bendera, nyasi, majani ya miti na vumbi. Kwa darubini huangalia pia mazigazi, yaani hewa yenye joto inayoonekana kutiririka kufuata upepo. Mazigazi yakipanda wima, upepo umetulia au unavuma sambamba na mstari wa kulenga. Upepo ulio karibu na mlengaji kwa kawaida una athari kubwa, kwa sababu risasi iliyopindishwa mapema huendelea kupotea hadi mwisho wa safari.

Marekebisho

Mlengaji huzungusha kilengeo kuelekea unakotoka upepo, au hulenga pembeni mwa shabaha. Kipimo cha kawaida ni dakika ya pembe, ambayo ni karibu sentimita 2.9 kwa kila mita 100. Katika mfano wa juu, mita 2 ni takriban dakika 7.6. Kwa mwindaji, kosa la makadirio huweza kumjeruhi mnyama bila kumwua. Kwa hiyo asipokuwa na hakika ya upepo, hupaswa kusogea karibu zaidi au kuacha kupiga.