Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo
Ni vikundi vya Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumbani kwa zamu, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji. Kiini chake ni kushirikishana Neno: Injili husomwa, kimya kifupi hufuata, kisha kila anayetaka husema lilivyomgusa. Mama aliyekesha akiuguza mtoto, au kijana aliyehangaika kutafuta kazi, hutaja shida yake na kuombewa kwa jina. Hapa, kuliko kwenye umati wa Jumapili, aliyevunjika moyo hupata ujasiri wa kumtumaini Mungu tena. Mfiwa naye hufarijiwa: wanajumuiya huchanga, hupika, hulala matanga.