Mazoezi, tumbo na utulivu wa akili

Mtu aliyejawa na wasiwasi husemwa kuwa yu tumbo joto, na utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba usemi huo haukuwa mbali na ukweli.

Baina ya tumbo na ubongo upo mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi. Sehemu kubwa ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka tumboni kwenda kichwani, wala si kinyume chake kama wengi wanavyodhani. Utumboni huishi pia matrilioni ya bakteria, ambao humeng'enya nyuzinyuzi za vyakula kama maharagwe na kunde na kutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti. Asidi hiyo hulisha ukuta wa utumbo na kusaidia kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani, ambao umehusishwa na sonona.

Mazoezi yanaingia hapo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwafanyisha mazoezi watu 32 waliozoea kukaa tu, mara 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 6, bila kubadili chakula chao. Bakteria wenye kutoa butireti waliongezeka, hasa kwa watu wembamba. Washiriki waliporejea kukaa kwa wiki 6 nyingine, faida hiyo ilitoweka kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza kuwa panya walioondolewa bakteria wa tumboni kwa dawa walikimbia kidogo kuliko wenzao. Ilibainika kwamba baadhi ya bakteria huamsha mishipa ya fahamu ya utumbo, na ubongo ukaongeza dopamini, kemikali inayoleta hamu ya kuendelea.

Hata hivyo, panya si binadamu. Na dai lililoenea kwamba tumbo hutengeneza asilimia 90 hivi ya serotonini ni la kweli, ila serotonini hiyo haivuki kuingia ubongoni. Anayesema tumbo humwaga furaha moja kwa moja kichwani anatia chumvi. Kwamba mazoezi hupunguza dalili za sonona kumethibitishwa kwa watu. Mchango wa bakteria katika hilo ndio unaoendelea kuchunguzwa.

Mazoezi makali mno nayo huweza kuvuruga tumbo, kwani damu huelekezwa kwenye misuli. Wakimbiaji wa marathoni wanalijua hilo vyema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kwenda sokoni au kazini kunahesabiwa.